Mwiko wa Oxford: Karibu Nusu Karne ya Kuihoji Leba

Zamani, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mwanafunzi wa hisabati aliyeshika mkia miongoni mwa waliofaulu alikabidhiwa zawadi ya kejeli mbele ya wenzake: mwiko wa mti. Mchezo huo ulikoma mwaka 1909, lakini msemo ulibaki. Mwaka 1979 daktari wa Kiskoti aliyeitwa Archie Cochrane, mtafiti wa afya ya jamii mjini Cardiff, aliamua kuutafutia mwiko huo mwenyewe katika matawi ya tiba. Alitazama ni tawi lipi linalozipima kazi zake kwa majaribio ya haki, na lipi linalojiendea kwa mazoea. Walioshika mkia ni madaktari wa uzazi.

Sisi wa Kiswahili tunausikia mwiko huo mara mbili. Mwiko husonga ugali, na mwiko hukataza. Mjamzito asile mayai, mtoto atazaliwa hana nywele: huo ni mwiko, na wataalamu wa hospitali wamewacheka bibi zetu kwa maneno kama hayo tangu enzi za ukoloni. Nitakayosimulia hapa ni habari za ofisi moja ya Oxford iliyokuja kubaini kwamba leba ya hospitali nayo ilikuwa na miiko yake, tena mingi, ila yenyewe ilikuwa imevaa koti jeupe.

Ofisi hiyo ilifunguliwa mwaka 1978, mwaka mmoja kabla Cochrane hajagawa zawadi yake. Wizara ya afya ya Uingereza ndiyo iliyotoa fedha, na Chuo Kikuu cha Oxford kikatoa mahali, ndani ya hospitali kongwe ya Radcliffe Infirmary. Jina lake ni refu la kuchosha: Kitengo cha Taifa cha Epidemiolojia ya kipindi cha kuzaliwa, yaani elimu ya kuhesabu magonjwa na vifo tangu mimba, wakati wa kujifungua, hadi siku za mwanzo za mtoto. Wote wanaoijua huiita NPEU, nami nitafanya hivyo hivyo. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Iain Chalmers, daktari wa miaka 35 hivi, ambaye cheo chake kikubwa mpaka wakati ule kilikuwa ni kusumbua watu kwa maswali.

Usumbufu huo ulikuwa na chanzo. Mwaka 1969 na 1970 Chalmers alifanya kazi katika kambi za wakimbizi wa Kipalestina huko Gaza. Chuoni alifundishwa kwamba surua ni ugonjwa wa virusi, antibayotiki haiugusi, kwa hiyo mtoto mwenye surua asipewe mpaka aonyeshe dalili za maambukizi mengine. Akawa anafuata alivyofundishwa, huku wenzake wenyeji wakiwapa watoto dawa mapema. Miaka ilipita ndipo akaja kusoma kwamba majaribio ya kulinganisha yalikuwa yamefanyika zamani, kabla hajakanyaga Gaza, na yalionyesha kwamba antibayotiki ya mapema huwakinga watoto hao na nimonia na madhara mengine. Wenyeji walikuwa sahihi, mwalimu alikuwa amekosea. Amelisimulia jambo hili mara nyingi, na kila mara hulieleza bila kujitetea: baadhi ya watoto walioumia kwa sababu yake waliumia kwa kuwa yeye alitii.

Aliporudi akaenda Cardiff kusomea uzazi. Huko alikuta mabingwa wenye misimamo tofauti kabisa, huyu mwepesi wa kuanzisha uchungu kwa dripu, yule mvumilivu, na akajaribu kulinganisha matokeo ya akina mama waliohudumiwa kwa njia hizo mbili. Hakuona tofauti ya maana. Basi kwa nini kila mmoja alikuwa na uhakika namna ile? Wakati huo huo alikuwa amesoma kitabu kidogo cha Cochrane cha mwaka 1972 kuhusu tiba zinazofaa na zisizofaa, na kilimkaa kichwani.

Kazi ya kwanza kubwa ya NPEU haikuwa na mvuto wowote. Ilikuwa kutafuta. Majaribio ya kitabibu kuhusu mimba na uzazi yalikuwa yamefanywa kwa miaka mingi, hapa moja, kule jingine, kisha yakazikwa katika majarida ambayo hakuna ayafunguaye. Kazi aliyoianza Chalmers tangu Cardiff ikahamia Oxford: kufungua jarida baada ya jarida, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta kila mahali ambapo wanawake walipangwa kwa kura kupata matibabu haya au yale. Kwa nini kura? Kwa sababu daktari akiachiwa kuchagua, atampa dawa mpya yule anayemwona ana nguvu, na mgonjwa hoi atabaki na ya zamani, kisha dawa mpya itasifiwa kwa nguvu za mama mwenyewe. Kura haina upendeleo. Mwaka 1985 walichapisha orodha ya majaribio waliyoyakusanya, ya tangu mwaka 1940. Hata hapo hawakuridhika. Waliwaandikia barua madaktari wa uzazi na wa watoto wapatao 42,000 katika nchi 18, wakiuliza: Je, unalo jaribio ulilolifanya ukaliacha kabatini bila kulichapisha? Majibu yalifichua majaribio 395. Nadhani barua hizo 42,000, kwa bahasha na stempu zake, zinaieleza taasisi hii vizuri kuliko hotuba yoyote ya maadhimisho.

Sasa turudi kwenye miiko.

Mama yangu mdogo alijifungua mtoto wake wa kwanza miaka ya themanini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikwenda na vifaa vyake kwenye kikapu: pamba, uzi, kanga mbili kuukuu zilizofuliwa, nyembe. Wembe mmoja ulikuwa wa kitovu cha mtoto. Mwingine, anasema, alinyolewa nao yeye, sehemu za siri zote, na kabla uchungu haujakolea akapigwa bomba la maji ya sabuni ili atoe choo. Anasimulia akicheka, lakini kicheko chenyewe hakifiki mbali. "Kunyolewa si kitu," husema, "ila zile nywele zinapoanza kuota tena!" Mkunga aliyemnyoa hakuwa na ubaya. Alifundishwa kwamba nywele huleta uchafu kwenye kidonda na kwamba haja kubwa huziba njia ya mtoto. Aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo.

Tangu mwaka 1922 kulikuwa na jaribio lililouliza kama kunyoa kunapunguza homa baada ya kuzaa. Halikuonyesha faida. Miaka ya sitini likaja jingine, jibu lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, huko Uingereza, likapimwa tena, na bomba la sabuni nalo likapimwa: wanawake waliopigwa bomba hawakujifungua haraka zaidi, wala vitanda vyao havikuwa safi kuliko vya wasiopigwa. Yote haya yalikuwa yameandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaweka mezani pamoja na kusema kwa sauti kwamba mwiko huu hauna mguu wa kusimamia.

Mkasi ulikuwa jambo zito zaidi. Kuongezewa njia, yaani kumkata mama msamba mtoto anapokaribia kutoka, kulikuwa karibu desturi katika hospitali nyingi, hasa kwa mzaliwa wa kwanza. Sababu zilizotolewa zilikuwa na mantiki: kidonda kilichonyooka hushonwa vizuri kuliko mpasuko, na nyonga hazitalegea uzeeni. Jennifer Sleep, mkunga wa hospitali ya Reading, aliamua kuzijaribu, akishirikiana na Adrian Grant wa NPEU. Wanawake 1,000 waligawanywa kwa kura. Katika kundi moja wakunga waliambiwa wajitahidi kuzuia mpasuko, hata kwa mkasi. Katika kundi la pili waliambiwa mkasi usiguswe ila mtoto akiwa hatarini. Kundi la kwanza walikatwa asilimia 51, la pili asilimia 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984: akina mama hawakutofautiana kwa maumivu, wala watoto kwa afya. Kwa maneno mengine, wanawake wanne katika kila kumi walikuwa wakikatwa na kushonwa bila kupata chochote. Ninapenda kukumbusha kwamba swali hilo liliulizwa na mkunga, si profesa. Ndiye anayekaa na uzi na sindano saa tisa za usiku.

Mtu asidhani ofisi hii ilikuwa na chuki na mashine. Grant huyo huyo alishiriki katika jaribio kubwa la Dublin lililochapishwa mwaka 1985, ambapo karibu wanawake 13,000 walipangwa kwa kura, wengine wafungwe mashine inayochora mapigo ya moyo wa mtoto muda wote wa uchungu, wengine wasikilizwe mara kwa mara kwa fetoskopu, kile kipembe ambacho mkunga hukikandamiza tumboni na kuweka sikio. Watoto wa mashine walipata degedege kidogo kuliko wenzao, hilo lilikuwa kweli. Lakini vifo havikupungua, na watoto walipofuatiliwa hadi miaka minne, waliopooza ubongo walikuwa sawa pande zote mbili. Mashine ilikuwa imeshanunuliwa kila mahali. Nani angeirudisha dukani?

Mwaka 1989 juhudi hizo zote zilitoka kama kitabu: juzuu mbili, kurasa kama 1,500, wahariri wakiwa Chalmers, Murray Enkin wa Kanada na Marc Keirse wa Uholanzi. Ndani yake karibu kila jambo analofanyiwa mjamzito lilipitiwa upya kwa kujumlisha majaribio yote yaliyopatikana. Mwishoni wakaweka orodha nne zilizowakasirisha wengi: mambo yanayosaidia, mambo yenye dalili njema, mambo ambayo hatujui, na mambo ambayo yaachwe. Ile ya tatu ilikuwa ndefu mno. Kwa daktari bingwa, kusoma kwamba kazi aliyoifanya miaka ishirini imewekwa chini ya "hatujui" kulikuwa kuchungu kuliko hata kuambiwa amekosea. Cochrane, sasa mzee na mgonjwa, alikuwa ameandika dibaji kabla ya kufa mwaka 1988, na humo akauondoa mwiko aliowapa watu wa uzazi miaka tisa kabla. Waliokuwa mkiani wakawa wa kwanza. Mwaka 1992 Chalmers aliondoka NPEU akafungue kituo kingine hapo hapo Oxford, cha kufanyia matawi yote ya tiba yale yaliyofanyiwa uzazi, akakipa jina la mzee yule. Ukiona leo nembo ya Cochrane popote duniani, ile ya vistari vya mlalo ndani ya duara, ujue vistari hivyo ni mtoto njiti. Nitavirudia.

Lakini kama ningetakiwa kuitetea NPEU kwa jambo moja tu mbele ya wasomaji wa huku kwetu, ningeacha nembo na vitabu, nikasimulia kifafa cha mimba.

Kila familia ya huku ina habari yake. Mama ana mimba ya miezi minane, miguu imejaa, uso umevimba, kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli. Wanasema ni uchovu. Usiku anakakamaa, macho yanageuka, ulimi unaumwa na meno, mwili unatetemeka, kisha anakoroma na kuzimia. Wapo watakaokimbilia hospitali na wapo watakaotafuta mtu wa kupunga majini kwanza. Hospitali nako, hadi miaka ya tisini, swali lilikuwa: apewe nini? Marekani walitumia magnesiamu salfeti kwa miongo mingi. Uingereza na nchi zilizosoma vitabu vyake zilipendelea diazepamu, na baadaye fenitoini, dawa ya kifafa cha kawaida. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: huyu anapata kifafa, apewe dawa ya kifafa. Kiswahili chenyewe kimenasa katika mtego huo, maana jina tulilolipa ndilo hilo. Magnesiamu kwao ilionekana ushamba. Ni ile ile chumvi ya haluli wazee waliyokunywa kusafisha tumbo. Hakuna kampuni ambayo ingetuma wakala na kalamu za bure kwa ajili ya haluli.

Lelia Duley, daktari wa NPEU, alisimamia jaribio ambalo lingemaliza ubishi. Lilihitaji wanawake wengi wenye kifafa cha mimba, na wanawake hao hawakuwa Oxford. Walikuwa Amerika ya Kusini, India na Afrika, Uganda ikiwa mojawapo ya nchi tisa zilizoshiriki. Hebu fikiria ugumu wake. Mama anatupwa na degedege kitandani, ndugu wanalia mlangoni, muuguzi mmoja kwa wodi nzima. Nani atapiga kura hapo? Nani atapiga simu Uingereza? Dawa ilifungwa katika maboksi yanayofanana, yenye namba za kufuatana. Mama akifika, linachukuliwa boksi linalofuata, linafunguliwa, kilichomo ndicho anachopewa. Kura ilikuwa imeshapigwa zamani, ndani ya boksi.

Matokeo yalitoka mwaka 1995, wanawake 1,687. Waliopewa magnesiamu walirudiwa na degedege asilimia 13. Waliopewa diazepamu, asilimia 28. Katika ulinganisho wa pili magnesiamu ilikuwa asilimia 6 na fenitoini 17. Katika tiba ni nadra sana ubishi wa miaka sabini kufungwa hivyo kwa mkupuo. Chumvi ya haluli ilishinda dawa za kisasa, na ushahidi ulitoka katika wodi za nchi maskini, ukaenda kuwafundisha matajiri. Uingereza ilibadilika haraka. Mwaka 1992 ilikuwa na wagonjwa wa kifafa cha mimba karibu 5 katika kila uzazi 10,000. Walipohesabiwa tena mwaka 2005 na 2006 walikuwa chini ya 3, na kati ya wanawake 214 walioupata hakufa hata mmoja.

Kwa nini sisi tusiseme hivyo? Dawa ni ile ile, na wakunga wetu wanaijua mkononi kuliko wenzao wa Oxford, ambao huenda wakamaliza mwaka mzima bila kumwona mgonjwa. Mwone anavyofanya: dozi ya kwanza anaisukuma mshipani taratibu, haraka yoyote ni hatari, kisha mililita kumi kila tako, sindano nzito inayouma hadi inachanganywa na dawa ya ganzi. Baada ya hapo kila saa nne, kabla ya kuongeza, anahesabu pumzi, anapima mkojo kwenye mfuko, anachukua kinyundo na kugonga chini ya goti. Mguu ukiruka, dozi inaendelea. Mguu ukitulia, anasubiri, maana magnesiamu ikizidi huzima pumzi. Kinyundo kikiwa hakipo hugonga kwa ukingo wa kiganja. Maarifa yapo. Kinachomwua mama ni barabara, ni kliniki isiyo na kipima presha kinachofanya kazi, ni saa sita zilizopotea akipungwa. Hakuna boksi lenye namba lililobuniwa kwa ajili ya hayo.

Duley aliendelea na swali la pili: Je, magnesiamu ikipewa mwenye presha ya mimba kabla hajapata degedege, itazuia? Jaribio hili lililoongozwa kutoka Oxford liliitwa Magpie, jina la ndege wa Ulaya wa jamii ya kunguru. Liliwafikia wanawake 10,141 katika nchi 33, nusu wakipewa magnesiamu na nusu kipozauongo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini si dawa. Mwaka 2002 jibu lilikuwa wazi: hatari ya kupata kifafa cha mimba ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mashirika zaidi kuliko ya watu, na nitaipita kwa haraka, isipokuwa mambo mawili matatu. Mwaka 2005 NPEU ilianzisha mtandao wa kufuatilia maradhi adimu ya uzazi katika hospitali zote za Uingereza. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: kila mwezi hospitali inapelekewa kadi, inatia alama kwenye ugonjwa iliouona, au inatia alama kwamba haikuona kitu. Ile alama ya "hakuna" ndiyo yenye thamani, kwa sababu bila hiyo ukimya wa hospitali unaweza kuwa ni afya au ni uvivu. Korona ilipoingia mwaka 2020, utafiti wa homa ya mlipuko kwa wajawazito ulikuwa tayari umeandikwa na kuidhinishwa, umelala ukisubiri. Ukaamshwa, na ndani ya miezi michache dunia ilikuwa na taarifa ya wajawazito 427 waliolazwa. Zaidi ya nusu yao hawakuwa Wazungu.

Namba hiyo haikuwa ngeni pale. Tangu mwaka 1952 Uingereza huchunguza kwa siri kila kifo cha mama mjamzito au aliyejifungua: faili linafunguliwa, majina yanafutwa, wataalamu wanasoma na kuuliza ni wapi angeokolewa. Tangu mwaka 2012 kazi hiyo inaongozwa na NPEU, na Marian Knight, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wa kitengo, ndiye aliyebeba sehemu ya vifo vya mama. Ripoti ya mwaka 2018 ilieleza kwamba mwanamke mweusi Uingereza alikuwa na hatari ya kufa kwa uzazi mara tano ya mwanamke mweupe. Ni hospitali zile zile, dawa zile zile, na kadi ya mwezi ile ile. Binti zetu waliohamia London na Leicester wamo ndani ya hesabu hiyo, bila majina.

Sasa vistari vya nembo. Mwaka 1972, huko Auckland, Graham Liggins na Ross Howie walichapisha jaribio la wanawake 282 waliokuwa karibu kujifungua njiti. Liggins alikuwa ameona kwa kondoo kwamba homoni ya aina ya steroidi hukomaza mapafu ya kitoto kabla ya wakati. Sindano mbili kwa mama zikapunguza vifo vya watoto. Majaribio mengine yalifuata, mengi madogo, moja moja likionekana halijathibitisha kitu. Patricia Crowley wa Dublin aliyajumlisha kwa ajili ya kitabu cha Oxford, na jumla ikaonyesha wazi faida ambayo ingeweza kuonekana miaka mingi kabla. Kila kistari katika nembo ni jaribio moja. Alama iliyo chini yake ni jumla. Nembo ile ni ungamo: tulikuwa na jibu, watoto wakaendelea kufa.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini baadaye sindano hiyo ilipelekwa vijijini, katika jaribio kubwa la nchi sita, Kenya ikiwamo, lililochapishwa mwaka 2015. Wahudumu walifundishwa kumtambua mama anayekaribia kuzaa njiti, na asiyejua tarehe zake walimpima tumbo kwa utepe wenye rangi. Sindano zikatolewa kwa wingi. Vifo vya watoto wachanga vikaongezeka, na maambukizi kwa akina mama pia. Wengi waliochomwa hawakuwa wamebeba njiti kabisa. Jambo kama hilo limetokea kwa kupoza mwili wa mtoto aliyechelewa kulia, tiba ambayo NPEU ilisaidia kuithibitisha Uingereza mwaka 2009. Jaribio dogo la Mulago, Kampala, lililochapishwa mwaka 2008, lilikuwa limeona vifo zaidi upande wa waliopozwa, na mwaka 2021 jaribio kubwa la Asia ya Kusini likathibitisha kwamba huko haiokoi, inaongeza vifo.

Shirika la Afya Duniani likarudi na steroidi upya, Kenya, Nigeria, India, Pakistani na Bangladeshi, wanawake 2,852 katika hospitali 29. Safari hii masharti yalikuwa makali: umri wa mimba ujulikane kwa ultrasaundi, uwe kati ya wiki 26 na 34, na hospitali iwe na uwezo wa kumtunza njiti, joto, chakula na oksijeni. Mwaka 2020 jibu lilitoka: vifo vya watoto vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Sindano ya Auckland ilikuwa kweli, hata huku, kwa mama sahihi katika wiki sahihi.

Ndiyo maana katika vituo vingi vya kwetu, ambako ultrasaundi iko wilayani na umeme unakuja unapotaka, hesabu yote ya Oxford na Auckland huanza na mkunga kushika kadi ya kliniki, kuinama karibu na mama, na kuuliza, "Hedhi yako ya mwisho uliiona lini?" Na mama, akihesabu kwa vidole, anajibu kwamba tarehe haikumbuki vizuri, ila ilikuwa wiki moja baada ya kuanza kupanda mahindi, mvua zilipochelewa.